Kurudi Unguja kutoka Lubumbashi: panga safari kwa upepo na mwezi

Ukienda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, Januari utakuta bahari tulivu na jua kali. Rudi Julai, kijiji hichohicho, chumba kilekile: upepo unakurushia mchanga machoni na watoto wanatetemeka wakitoka majini. Wengi huilaumu hoteli. Kosa huwa ni la tarehe. Mwongozo huu ni wa watu wa Lushi, yaani Lubumbashi, wanaoijua Unguja tayari na wanataka kuikuta walivyoipenda, au angalau kujua mapema watakuta nini.

Saa zote hapa zimeandikwa kama simu inavyozionyesha, kwa saa ya Zanzibar, ambayo iko saa moja mbele ya Lubumbashi. Wenyeji huhesabu tangu macheo, kwa hiyo nahodha akisema "saa nne asubuhi" anamaanisha 10:00. Ukizoea kuhesabu kwa namna ya Kifaransa, rudia naye kwa tarakimu kabla ya kuachana.

Kwanza: sahau mvua ya nyumbani

Lubumbashi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi chenye baridi ya Juni na Julai. Unguja ina misimu miwili ya mvua na pepo kuu mbili, na hazifuatani na za kwetu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, Aprili ikiwa nzito kuliko yote. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, nyepesi zaidi, mara nyingi kwa vipindi vifupi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na huleta joto. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, Juni hadi Septemba, kavu na yenye nguvu. Katikati ya pepo hizo kuna vipindi vifupi vya utulivu vinavyoitwa malelezi.

Sasa weka likizo za shule za Kongo juu ya kalenda hiyo.

Pasaka ndiyo mtego. Haiangukii kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili, yaani daima iko ndani ya masika. Kwetu mvua zinaelekea kuisha, kwa hiyo mtu hudhani na pwani ni hivyo. Hoteli kadhaa hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo, zinazobaki wazi hushusha bei, na bei hiyo ndiyo inayomvuta mtu. Kama huna tarehe nyingine, chukua Pasaka inayoangukia Machi na uache ile ya mwishoni mwa Aprili.

Likizo kubwa ya Julai na Agosti ina anga safi na usiku wa baridi kidogo. Maji ni kama nyuzi 25 au 26, tofauti na Machi ambapo hufika 29. Ni kipindi kizuri mradi uchague upande sahihi wa kisiwa. Hilo linakuja chini. Noeli ni mwisho wa vuli na mwanzo wa kaskazi: joto, bahari nzuri, bei ya juu kuliko mwaka mzima. Asiyefungwa na shule aende Januari, Februari, au kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Mimi ningechagua Oktoba mapema. Kusi imechoka, vuli haijashika, na vyumba bado vipo.

Ukipanga kwa mwanzo wa mwaka, angalia Ramadhani iko wapi, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Katika mwezi huo kula na kunywa hadharani mchana hakukubaliki, mikahawa mingi ya vijijini hufungwa hadi futari, na hoteli hukuhudumia ndani.

Misimu hii haiji kwa saa ya ukutani. Vuli ya 2019 na ya 2023 zilikuwa nzito kupita kawaida, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko ya mashariki. 2023 El Niño nayo iliongezea. Kwa hiyo kwa safari ya Oktoba hadi Desemba soma kwanza mwelekeo wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kabla msimu haujaanza. Ukisema "mvua juu ya wastani", lipia chumba kinachoruhusu kubadilisha tarehe. Vimbunga ni nadra Unguja kwa sababu kisiwa kiko karibu mno na ikweta, ila vipo: Hidaya ilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, na boti kati ya Dar na Unguja zilisimama.

Pili: chagua wiki kwa mwezi ulio angani

Hapa ndipo watu wa bara tunapopotea, maana ziwa halina kujaa na kupwa. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, kuna uwanda wa maji mafupi kati ya ufuo na mwamba. Bahari ikipwa, unaweza kutembea kilomita nzima maji yasipite magoti. Mgeni aliyelipia "mbele ya bahari" anaamka na kuona matope, mwani na mashua zilizolala ubavu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kati yake ni maji mafu, tofauti ikishuka hadi kama mita 1, na hapo bahari haikimbii mbali.

Kwa Unguja kuna kanuni ambayo wavuvi huijua bila karatasi: siku ya mwandamo au ya mpevu, maji hujaa karibu 16:00 (na 04:00), na hupwa karibu 10:00. Kutoka hapo hesabu hivi:

1. Tafuta kwenye kalenda tarehe ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo iliyo karibu na safari yako.
2. Hesabu siku zilizopita tangu tarehe hiyo.
3. Zidisha kwa dakika 50, kisha jumlisha kwenye 16:00. Hiyo ni saa ya maji kujaa jioni au usiku.
4. Toa saa 12 na dakika 25 upate kujaa kwa asubuhi.
5. Kupwa ni takriban saa sita na robo kabla au baada ya kila kujaa.

Mfano, siku ya 7 baada ya mpevu: dakika 350 ni saa 5 na dakika 50. Maji yatajaa 21:50, na asubuhi yake 09:25. Siku ya 10, kujaa kwa mchana ni karibu 11:55. Hesabu hii inaweza kukosea hadi saa nzima, kwa sababu wakati wa maji mafu ucheleweshaji huzidi dakika 50 na wakati wa bamvua hupungua. Inatosha kuchagua wiki. Ukishafika, tumia jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Kwa anayetaka kuogelea mashariki, siku nzuri ni ya 6 hadi ya 13 baada ya mpevu au mwandamo. Kujaa huanza kama 08:30 na kusogea siku kwa siku hadi alasiri, kwa hiyo kila siku una saa nne za maji ya kutosha mchana. Ukifika siku ya mpevu yenyewe, utakuwa na bahari 16:00 na mchana wote utautazama mchanga.

Bamvua nayo ina faida zake. Maji yakitoka mbali ndipo wanawake wa Paje na Jambiani wanapofanya kazi kwenye mashamba ya mwani, na ndipo unapoweza kuona mabwawa ya mwambani. Ila ujue namna bahari inavyorudi: saa ya kwanza huongezeka kidogo, saa ya tatu na ya nne huingia nusu ya maji yote. Kwa bamvua ya mita 4 hiyo ni mita 2 ndani ya saa mbili, na huanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo. Geuka kurudi mapema, saa ya kupwa kabisa ikifika; usingoje uone maji yakipanda. Na usiende bila viatu vigumu vya majini.

Tatu: upande gani wa kisiwa

Wakati wa kusi, mwili mzima wa kisiwa unaukinga ufuo wa Kendwa, kaskazini-magharibi, na upande wa magharibi wa Nungwi. Bahari hapo hubaki laini hata Paje ikiwa na mawimbi meupe. Tena Kendwa maji hushuka kina haraka, kwa hiyo kupwa hakukunyimi kuogelea. Familia yenye watoto inayosafiri Julai au Agosti iende huko, ikubali kelele na bei zake. Paje, Bwejuu na Jambiani kipindi hicho ni za wanaocheza na tiara za kuvutwa na upepo, na kwao hakuna mahali pazuri zaidi.

Wakati wa kaskazi, upepo hupiga Matemwe, Kiwengwa na ncha ya mashariki ya Nungwi, lakini mara nyingi ni mwepesi kuliko kusi, na mashariki yote inakalika. Kizimkazi kusini na Michamvi upande unaotazama magharibi hubaki shwari.

Jambo moja linawashangaza wanaorudi: ufuo wenyewe husogea. Kusi husukuma mchanga upande mmoja, kaskazi huurudisha. Hoteli iliyokuwa na mita ishirini za mchanga Februari inaweza kuwa na ngazi zinazoishia majini Agosti. Pia maji ya bamvua hufika ukutani mahali ambapo maji mafu hayafiki. Usiamini picha uliyopiga mwaka juzi. Andikia mwenyeji wiki mbili kabla, kwa adabu ya huko:

"Assalaam alaykum ndugu. Habari za kazi na nyumbani? Tulikuwa wageni wenu, tunatoka Lubumbashi, na tunatamani kurudi. Naomba unitumie picha mbili za ufuo mbele ya vyumba, moja maji yakiwa yamepwa, nyingine yakiwa yamejaa, za wiki hii. Pia naomba kujua kama jenereta ipo na kama chumba kinapata upepo. Ahsante sana."

Swali la upepo lina maana yake. Chumba kinachotazama kusini-mashariki Julai hakihitaji feni, na Februari chumba kisichopata kaskazi ni tanuri.

Nne: njia na makaratasi

Kwa ndege kutoka Luano, uwanja wa Lubumbashi, njia za kawaida hupitia Addis Ababa au Nairobi. Kwa barabara ni Kasumbalesa (mpaka wa Kongo na Zambia), Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, kisha Tunduma upande wa Tanzania, Mbeya, Iringa, Morogoro na Dar: karibu kilomita 2,000, siku mbili hadi tatu mipaka ikiwa na huruma. Ongeza siku moja nzima ya akiba. Foleni ya malori Kasumbalesa peke yake inaweza kuila.

Basi la bara huishia Mbezi, kwenye kituo cha Magufuli, mbali na bandari. Kwenye mvua kubwa mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Ukifika Dar Aprili au wakati wa vuli nzito, usikate tiketi ya boti ya siku hiyohiyo.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya juzi haikusaidii mpakani. Viza kagua kwa kila nchi unayokanyaga, Zambia ikiwemo. Tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar ina bima yake ya lazima kwa wageni kutoka nje, dola 44 kwa mtu mzima. Isome kwenye tovuti rasmi pamoja na misamaha yake, na usimlipe mtu wa kati.

Dola unazonunua kwa kambisti, mbadilisha fedha wa mtaani, ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa, na za miaka ya karibuni; zilizotolewa kabla ya 2006 hukataliwa mara nyingi. Tangu 2025 Tanzania imekataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisha upate shilingi. Franka hakuna anayezitaka.

Tano: mzigo

Sashe, yaani mifuko ya plastiki, ziache nyumbani. Tanzania imezipiga marufuku tangu 1 Juni 2019 na wageni nao wanahusika. Chukua mfuko wa kitambaa, na mmoja wa turubai unaofungika juu kwa ajili ya simu na nyaraka botini. Chukua adapta ya soketi: huko plagi ni za pini tatu bapa, na chaja zetu za pini mbili za duara haziingii vizuri. Ukinunua kwenye soko la Kenya, hapo Lubumbashi, ijaribu dukani. Za bei rahisi hulegea na kutoa cheche.

Kwa kusi: koti jepesi la upepo, sweta ya jioni, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo. Upepo wa baridi hudanganya ngozi; jua linachoma vilevile. Kwa kaskazi: kofia pana, chumvi za kuongezea maji mwilini, nguo za pamba. Mtu wa Lubumbashi amezoea mita 1,200 juu ya bahari na hewa kavu, na siku mbili za kwanza unyevu wa pwani humchosha kuliko anavyotarajia. Kwa vuli na masika: nguo mbili za kubadilisha kwa siku, maana hazikauki. Kwa msimu wowote: kanga au kitenge cha kujifunika ukitoka ufuoni kuingia kijijini. Suti ya kuogelea sokoni ni aibu kwa wenyeji hata wasipokuambia.

Sita: kila asubuhi ukiwa huko

Usitazame picha ya wingu kwenye simu. Alama ya mvua kwa siku saba mfululizo wakati wa vuli mara nyingi ni mvua ya nusu saa usiku wa manane au alfajiri, kisha jua. Soma vitu vitatu: kasi ya upepo, mwelekeo wake, na kimo cha mawimbi. Upepo wa chini ya kilomita 20 kwa saa ni mzuri kwa mashua. Ukifika 30, vilele vyeupe vinatapakaa, na kupiga mbizi hakuna raha kwa kuwa maji yametibuka. TMA huonya kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Onyo la kawaida la pwani hutaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ukisoma hayo, safari ya kisiwa kidogo cha Mnemba iahirishwe hata kama nahodha anasema amezoea.

Upepo wa mchana huongezeka kadiri nchi kavu inavyopata joto. Toka 07:00, rudi kabla ya 12:00. Kabla ya kupanda, hesabu majaketi ya kuokolea na watu, uliza kama kuna injini au tanga la akiba, na lipa nusu. Nusu nyingine ukirudi.

Mwani ukitupwa ufuoni kwa wingi, sogea kilomita mbili au tatu. Ghuba ya jirani mara nyingi ni safi. Ukikanyaga wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, usichimbe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi, paka siki, toa miiba iliyochomoza tu. Iliyovunjika ndani kwa kina, au iliyo kwenye kiungo, ipeleke hospitali.

Saba: boti ya kurudi

Kuvuka huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi, kwenda Unguja upepo unakusukuma. Kurudi Dar boti inaelekea upepo na wimbi, na ndipo watu hutapika. Chukua ya asubuhi ya kwanza. Meza kidonge cha kichefuchefu cha safari dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika hakisaidii. Kaa ngazi ya chini, katikati kuelekea nyuma, utazame upeo wa bahari na si simu. Chai na mkate mkavu vinatosha. Urojo uule siku nyingine.

Boti zikisimamishwa kwa upepo, usitafute mashua ya kukuvusha. Meli ya abiria MV Skagit ilizama katika mkondo huu tarehe 18 Julai 2012, bahari ikiwa chafu, katikati ya kipindi ambacho sisi ndio tuko likizo kubwa. Siku ile ya akiba uliyoiweka kwa ajili ya Kasumbalesa itumie hapa: lala Mji Mkongwe, badilisha tarehe ya tiketi kwenye dirisha la kampuni yenyewe, na mpigie simu wakala wa basi Dar kabla kiti chako hakijauzwa. Shilingi zitakazobaki zibadilishe Tunduma, kabla ya kuvuka kwenda Nakonde.